Gitaa la Shemeji Chumvi

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, amepiga gitaa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na muda wote huo hakuwahi kuwa na gitaa. Nikiwaambia watu hivyo hucheka, wakidhani nawatania. Mbona dereva huendesha maisha yake yote na hana gari? Gari ni la tajiri, yeye ana leseni na kiuno kinachouma. Basi na gitaa ni vivyo hivyo.

Kazi yake ya mchana ni udobi. Anapiga pasi katika chumba cha nyuma cha duka moja la kufulia nguo, chumba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, kwa hiyo ukiwa mle hujui kama nje kuna jua au mvua mpaka mteja aje amelowa. Pasi yenyewe ni ya mvuke, nzito, ina mpira unaoning'inia kutoka darini kama mkonga wa tembo. Nguo zinatoka kule zinakofuliwa zingali na maji, na anayezibeba ni yeye, begani. Bega la kushoto, maana mkono wa kulia ni wa pasi. Sasa bega hilo limeshuka. Ukimtazama kwa nyuma utadhani anamsikiliza mtu mfupi aliyesimama kando yake. Suruali za watu anazinyoosha mpaka ule mkunjo wa mbele unaweza kukata mkate. Ya kwake mwenyewe, ah, tuiache.

Mwisho wa wiki alikuwa anapiga gitaa la pili katika bendi ya dansi. Nieleze hapa kidogo kwa ambaye hajui. Katika bendi kama ile, gitaa la kwanza, la solo, ndilo linaloimba, linapanda, linalia, na watu wote wanamtazama mpigaji wake. La pili, la rithimu, linakaa chini yake linakwenda chaka-chaka, chaka-chaka, fupi fupi, tangu wimbo uanze mpaka uishe, kama mtu anayekanda unga. Hakuna anayelipigia makofi. Jina la Chumvi alipewa na mpiga ngoma wao. Alisema, "Huyu akiwemo hakuna anayemsifu, asipokuwemo wote wanasukuma sahani." Likamganda. Hata mwajiri wake wa udobi humwita Chumvi bila kujua lilikotoka.

Alikuwa na namna yake ya kupiga. Kile kipande cha chuma ambapo nyuzi zinafungiwa, karibu na mkono wa kulia, wao hukiita daraja. Shemeji hulaza kiganja pale, anakandamiza, ili sauti itoke ikatike palepale isivume. Ni ile ile namna ya kukandamiza kola ya shati. Sijui kama pasi ilimfundisha gitaa au gitaa lilimfundisha pasi.

Sasa, vyombo vyote, magitaa, ngoma, spika, vilikuwa vya mtu mmoja, mwenye ukumbi. Sisi tulimwita Mwenye Vyombo tu. Muziki ukiisha, yeye mwenyewe alisimama mlangoni pa stoo akivipokea kimoja kimoja, akafunga, ufunguo mfukoni. Mpigaji alikwenda kwake na jasho lake. Dada yangu aliacha kwenda ukumbini tangu alipopata mtoto wa kwanza, na nyumbani hakuna gitaa, kwa hiyo alikuwa akisema, "Mimi nimeolewa na mpiga gitaa wa kusimuliwa."

Halafu Mwenye Vyombo naye alichoka. Miguu ilimvimba, watoto wake wakamwambia, baba, kelele basi, huu ukumbi tuuzie vigae. Vyombo vikauzwa kwa mkupuo kwa mtu wa mbali. Wapigaji walifika Ijumaa jioni na mashati yao ya bendi wakakuta maboksi ya vigae vya bafuni yamepangwa mpaka pale jukwaani. Shemeji aliniambia alisimama pale akaangalia mahali alipozoea kusimama, akaona kuna vigae vya maua ya buluu. Akarudi nyumbani kulala. Alisema kwa kweli kitu cha kwanza alichosikia mwilini ni nafuu. Huzuni ilikuja baadaye, siku ya Jumanne hivi, katikati ya mashuka ya hoteli.

Mwimbaji wao, Jogoo, si mtu wa kukaa chini. Alizunguka mpaka akapata hoteli iliyotaka muziki uani kwake kila Jumapili mchana. Akawaita wote. "Kazi ipo," akasema, "lakini safari hii kila mtu na chombo chake. Mambo ya kunyonyeshwa yamekwisha."

Mpiga ngoma alikuwa na njia zake. Mpiga besi ni mchomeleaji vyuma, ana karakana, hakukosa. Mpiga solo alikuwa na gitaa lake siku nyingi. Wapiga solo huwa na magitaa yao kama walivyo na mashabiki wao. Akabaki Chumvi. Jogoo akamwambia mbele ya wenzake, "Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini Jumapili ile ya kufungua, kama huna gitaa, yuko jamaa mmoja anapiga rithimu vizuri tu. Ana gitaa lake na gari lake."

Nilikuwa kwao siku aliyoyaleta maneno hayo nyumbani. Tangu nistaafu mimi ni mtu wa kupita pita, na kwa dada yangu chai haikosekani. Shemeji aliingia, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akaanza kuvua viatu taratibu, kama mtu anayefungua zawadi asiyoitaka.

Dada akasema, "Kaka, umesikia? Hela ya godoro inataka kwenda kununua kelele."

Godoro lao nalifahamu. Limezama katikati. Anayelala kulia na anayelala kushoto wote usiku wanaporomokea bondeni, asubuhi kila mmoja anamlaumu mwenzake kwa mgongo wake. Walikuwa wameweka akiba muda mrefu walipate jipya.

"Si kelele," shemeji akasema. "Ni gitaa."

"Na utalilalia?"

"La umeme hilo," nikasema mimi, "akilalia atapigwa shoti."

Hawakucheka. Dada akakunja kitambaa cha meza ambacho kilikuwa tayari kimekunjwa. "Umechoka wewe. Ukirudi kazini huwezi hata kumeza chakula vizuri. Muziki umejifia wenyewe, wewe unataka kuufufua wa nini? Pumzika."

Shemeji akatulia na kiatu kimoja mkononi. "Nikiacha nitakuwa dobi."

"Kwani sasa hivi wewe ni nani?"

"Sasa hivi mimi ni dobi mpaka Ijumaa."

Dada yangu ana ulimi, tangu utotoni, lakini hapo aliinuka. Alikwenda jikoni, tukasikia sufuria zikihamishwa bila sababu. Aliporudi akasema, "Haya. Lakini usiniletee takataka. Ukileta takataka utalala nayo sebuleni."

Tulianza na duka kubwa, lile lenye vioo. Magitaa yametundikwa ukutani kama makoti mapya, yanang'aa, unaona uso wako tumboni mwake. Binti muuzaji, mwenye heshima zake, akatujia. "Shikamoo baba. Mnatafuta la kujifunzia?"

"Marahaba, mama. Hapana," shemeji akasema, "la kuzeekea."

Binti akacheka sana, akatushushia moja zuri la rangi ya asali. Shemeji akageuza kile kikaratasi cha bei, akakisoma, akalirudisha gitaa mikononi mwa binti polepole kama mtu aliyeshika pasi upande usio wake. "Asante, mwanangu," akasema. "Limenizidi umri." Tukatoka.

Kutoka pale tukaenda kwa muuza vikuukuu. Ni bwana mnene, mcheshi, anakaa juu ya mashine ya kufulia iliyokufa kama mfalme, na dukani kwake kuna mafriji, mafeni, televisheni za kizamani zenye mgongo, na nyuma kabisa magitaa machache. Siku hiyo kulikuwa na watu wamekaa wanangoja feni zao zitengenezwe, na joto hilo, na hawana la kufanya. Shida yetu yote ilitokana na watu hao, ingawa hawakuwa na ubaya wowote.

Gitaa la kwanza alilolishika shemeji lilikuwa la kahawia, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Kifungo kimoja cha kuongezea sauti kilikuwa kimeng'oka, pamebaki kijiti tu. Muuzaji akachomeka waya kwenye spika, akasema, "Haya mzee, tuburudishe!" Wote wakageuka. Shemeji akakaa kwenye kigoda, akapiga chaka-chaka, chaka-chaka.

Mmoja wa wale wa feni akauliza, "Anatafuta nini huyu, anasugua sufuria?"

Wakacheka. Ni kicheko cha kawaida, cha joto na kungoja. Lakini niliona masikio ya shemeji yakibadilika rangi. Akaliweka la kahawia chini kama vile lilikuwa na kosa. Akanyoosha kidole kwa jingine, jeusi, lenye pembe mbili kama mbuzi dume, na pale darajani lina mkono wa chuma unaoning'inia, ukiuvuta sauti inayumba. Akalipakata. Na hapo, badala ya kupiga cha kwake, akapiga kipande cha solo.

Ni kipande ambacho mwenzake alikuwa akikipiga mbele yake kila wiki, miaka nenda miaka rudi, na yeye nyuma anakipigia chaka-chaka. Vidole vilikuwa vimekikariri bila kuombwa. Alikipiga polepole kidogo, lakini kilitoka. Mwishoni akauvuta ule mkono wa chuma, sauti ikalia kama mtu anayeaga. Wa feni wakapiga makofi, yule wa sufuria akapiga zaidi ya wote. Muuzaji akashuka kwenye mashine yake. "Mzee! Hili limekutambua! Hili lilikuwa linakungoja wewe!"

Bei ilikuwa ya kuzungumzika, wakazungumza, likawa letu. Na mgala muue na haki yake mpe, lilikuwa gitaa zuri. Shemeji alilibeba njiani huku anatabasamu kidogo, kitu ambacho sijakizoea usoni pake siku za kazi.

Mazoezi yalikuwa katika karakana ya mpiga besi, jioni, baada ya kazi, vyuma vimesukumwa pembeni. Shemeji alikuja moja kwa moja kutoka kwenye mashuka. Alivaa mkanda, gitaa likaning'inia kwenye lile bega la kushoto, nikaona mwili wote umeinama kufuata. Lilikuwa zito. Dukani alikuwa amekaa, gitaa liko mapajani, hakuujua uzito wake.

Jogoo akahesabu, wakaanza. Shemeji akalaza kiganja chake darajani kama kawaida yake, akakandamiza. Na daraja likaenda. Kumbe magitaa yenye ule mkono wa chuma, daraja lake halikufungwa kwa misumari, limeshikwa na springi ndani ili liweze kuyumba. Kila alipokandamiza, nyuzi zote sita zilipanda sauti kwa pamoja, kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Nani anafungua mlango wenye kutu?" mpiga ngoma akauliza.

Wakaanza tena. Mlango ukafunguka tena.

"Toa mkono hapo, Chumvi," mpiga solo akamwambia. Akautoa. Sasa sauti ikakosa wa kuikata, ikamwagika kila mahali, ikamziba mpaka mpiga solo mwenyewe.

Jogoo akainua mkono. "Simameni, simameni. Chumvi, leo umezidi kwenye mchuzi."

Mpiga besi, kwa kuwa ni fundi, alifungua kifuniko cha nyuma akazibana zile springi kwa kipande cha mbao. Daraja likatulia, kweli. Lakini gitaa lenyewe lilikuwa la kulia, halikuwa la kukanda. Sauti yake kali, nyuzi zake nyembamba mno kwa mkono wa shemeji. Wimbo wa tatu uzi mmoja ukakatika ukamchapa mkononi. Na bega lilikuwa limeshachoka tangu mchana. Nilimwona anapiga macho yamefumbwa, na huko hakukuwa kusikia utamu.

Jogoo hakumfokea. Afadhali angefoka. Alimshika mkono akamvuta kando, lakini karakana ni ndogo, tulisikia. "Mzee wangu, Jumapili ndiyo hiyo. Wenye hoteli watakuwepo. Gitaa likiwa hivi, nitamwita yule jamaa. Usinifikirie vibaya."

"Sikufikirii vibaya," shemeji akasema.

Nilimsindikiza mpaka kwake. Njiani alisimama mara moja tu, kuhamisha gitaa kutoka bega hili kwenda lile, halafu akalirudisha palepale kwa mazoea.

Dada alikuwa macho. Akatazama nyuso zetu. Akamwekea maji ya kuoga. Alipotoka kuoga akakaa ukingoni mwa kitanda, mlango uko wazi, mimi sebuleni nikiwasikia.

"Kule dukani," dada akauliza, "ulipiga nini ukalichagua hili?"

"Kipande cha solo."

"Wewe unapiga solo?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini ulipiga cha mwenzio?"

"Cha kwangu hakina maana kikiwa peke yake. Watu walikuwepo. Walicheka."

"Ehee!" dada akasema. "Yaani ulikwenda kununua suruali, ukampima jirani."

Mimi huku nikajiziba mdomo.

"Na wewe dobi!" akaendelea. "Nguo za watu zinapita mikononi mwako kila siku, hujui kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako? Kaka! Usijifanye umelala. Kesho kutwa mchana akitoka kazini, sisi sote watatu tunarudi huko."

Shemeji akasema, "Muuzaji hatakubali. Niache nilale."

"Lala. Lakini tutakwenda."

Tukaenda. Jumamosi ile duka lilikuwa na watu tena, akiwemo mama mmoja aliyekuja kununua friji, anafungua milango ya mafriji na kuifunga kama anayetafuta mtu ndani. Muuzaji alituona na lile gitaa jeusi, uso ukamshuka.

"Mzee wangu, kilichouzwa kimeuzwa."

"Hatutaki hela," dada akasema. "Tunataka kubadilisha. Hili chukua, tupe lile la kahawia."

"Lile?" Akageuka kulitazama kama vile alikuwa amelisahau. "Mama, lile halina hata kifungo. Mwenyewe alilijaribu, akaliacha."

"Sikulijaribu," shemeji akasema. "Nililigusa."

"Basi mpe alijaribu," dada akasema. "Na asikae. Jumapili hatakaa."

Muuzaji akapumua, akachomeka waya. Shemeji akasimama katikati ya mafriji na gitaa la kahawia begani. Kwanza hakupiga. Aliondoa mkono wa kushoto akaangalia kama shingo ya gitaa itaanguka chini. Haikuanguka, lilitulia tuli, jepesi. Akalaza kiganja darajani, akakandamiza, akaangalia. Lile daraja lilikuwa limefungwa kwa skrubu, halina habari na mtu. Akaanza. Chaka-chaka, chaka-chaka.

Sauti ilikuwa ya kawaida tu, na mbele za watu ilikuwa kama juzi. Kijana mmoja aliyekuja na redio yake akatazama kando kwa adabu. Mkono wa shemeji ukaanza kupungua, nikaujua ule mwendo. Alikuwa karibu kuliweka chini tena.

"Usiache," dada akasema. "Nitaimba."

"Utaimba nini?"

"Piga tu."

Akaimba. Ulikuwa wimbo mmoja wa zamani wa bendi yao, wa mapenzi, ambao yeye anaujua nusu, na nusu nyingine huijaza kwa mguno. Sauti ya dada yangu si ya jukwaani. Ni sauti ya kufagia uani, ina vumbi kidogo. Akaanza chini mno, akakohoa, akapanda. Na shemeji akaingia chini yake.

Sijui nieleze vipi. Ile chaka-chaka iliyokuwa kusugua sufuria, sasa ilikuwa sakafu. Dada alikosea mahali, akaruka mstari mzima, lakini hakuanguka, kwa sababu kulikuwa na kitu chini cha kukanyaga. Shemeji akazungusha kile kijiti kisicho na kifungo kwa ncha za vidole, akahamisha swichi, huku ikawa kali, huku ikawa nzito, katikati akaikuta ya kwake akaiacha hapo. Mama wa friji alisimama mlango ukiwa wazi, ubaridi wote unatoka. Shemeji alipiga muda mrefu kuliko inavyohitajika kununua kitu. Dada aliishiwa maneno, akaishiwa na miguno, akanyamaza, na yeye akaendelea kidogo peke yake, kisha akaacha.

"Ndicho hicho unachokipiga?" dada akamuuliza.

"Ndicho."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Mbona kinachosha hivyo mkono?"

Shemeji akautazama mkono wake. "Kinachosha," akasema.

Muuzaji ndiye aliyerudisha mambo ya biashara. Alijua, na sisi tulijua, kwamba lile jeusi atalipata mteja kabla hajamaliza wiki, na hili la kahawia lingemzeekea pale. Hata hivyo akajaribu. "Nyongeza kidogo basi, kwa usumbufu."

"Usumbufu?" dada akasema. "Mimi nimeimba hapa bure, watu wamesikia, nani ananilipa?"

Mama wa friji akasema, "Kweli, mpe haki yake." Muuzaji akacheka mpaka tumbo likatikisika, akaingia nyuma, akatoka na mkanda mpana wa ngozi, wa gitaa, mkuukuu lakini laini. "Haya mama, malipo yako. Wa kwake huu mwembamba utamkata bega."

Jumapili mchana tulikuwa uani kwa hoteli. Viti vya plastiki vimepangwa, jua kali, watu wachache. Jamaa mwenye gari alikuwepo. Jogoo alikuwa amemwambia aje na gitaa lake, eti atazame tu. Alikaa meza ya mbele, mtu wa makamo, mtanashati, hana kosa, sanduku la gitaa miguuni pake. Shemeji alimwona. Akamsalimia kwa kichwa, akaenda kusimama mahali pake kando ya ngoma.

Wimbo wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikwenda. Mimi nilikuwa nausikiliza mkono wa shemeji tu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na niligundua ni kazi kuusikiliza. Kila mara solo linakuja kukuiba. Wa tatu, Jogoo alikuwa amewaona wenye hoteli wanakuja na wageni wao, akataka makuu. Akaingia mapema, kabla ya zamu yake, kwa sauti kubwa. Mpiga solo akamfuata, mpiga besi akabaki, wakatengana. Kwa muda wimbo ulikuwa vipande. Jogoo mwenyewe alijua, nilimwona jicho likizunguka kutafuta pa kushika.

Shemeji hakuinua hata kichwa. Chaka-chaka, chaka-chaka, palepale. Mpiga ngoma akamsogelea yeye. Kisha besi. Jogoo akavuta neno moja likawa refu, refu, mpaka likaikuta ile chaka-chaka na akatua juu yake, na wale wageni wakafikiri ndivyo wimbo ulivyotungwa. Wakapiga makofi. Walimpigia Jogoo.

Yule jamaa mwenye gari alikuwa mpigaji wa rithimu pia, kwa hiyo alijua alichokisikia. Alilisukuma sanduku lake chini ya meza kwa mguu, akamwita mhudumu, akaagiza soda.

Walipomaliza, Jogoo alipita karibu na shemeji akijifuta jasho. Hakusema ahsante, si desturi yake. Alisema, "Jumapili ijayo, saa nane."

"Nikiamka," shemeji akasema.

Jua lilikuwa bado linawaka tulipotoka. Tulikuwa watatu. Yeye alikuwa amesimama mchana kutwa, na kesho ni Jumatatu, nguo za harusi za wiki nzima zinamngoja chini ya ule mpira wa mvuke. Alitembea taratibu, mguu mmoja kisha mwingine, gitaa mgongoni kwenye mfuko aliomshonea binti yao kwa pazia kuukuu. Dada akamtazama hivi, akamtazama tena.

"Lete nikubebee."

"Zito."

"Si zito," dada akasema. "Umechoka."

Shemeji akasimama. Akauvua mkanda begani, akampa.